Kaunta buku langu la rangi

Mwaka juzi nilirudishiwa picha tano kwa mpigo. Nilikuwa nimeziviringisha asubuhi, mteja kuzifungua jioni, zimeshikana. Twiga kaondoka na bawa la ndege wa picha ya pili. Mimi haraka nikailaumu rangi. Mzee tunayechora naye kibaraza kimoja akaniuliza tu: "Ulizipaka lini, mwanangu?" Sikuwa na jibu.

Sisi wachoraji wa mtindo wa tingatinga tunatumia rangi ya mafuta, ile ile ya milango na mageti. Edward Saidi Tingatinga alianza nayo mwishoni mwa miaka ya 1960 hapa Dar es Salaam, juu ya vipande vya hadibodi. Inang'aa, haina mfano. Lakini ukiipaka mkono mzito, yaani tabaka nene, juu hukauka huku chini bado mbichi, na usipoijua itakuaibisha.

Nikanunua kaunta buku. Siandiki mambo makubwa. "Jumanne. Bluu, mkono wa pili. Mvua tangu alfajiri. Saa nane bado inanata." "Alhamisi. Sijachora. Kodi." Siku nyingine ni bei ya thina na jina la niliyemkopa. Mwandiko wangu mbaya, mke wangu anasema hata mwizi hatausoma.

Masika yalipokwisha nikakaa kulifunua buku. Januari mkono mmoja ulikauka kwa siku moja. Aprili, siku tatu, na mimi nilikuwa nakwenda kwa hesabu ile ile ya Januari! Halafu nilikuwa nagusa pembeni, ambako rangi ni nyembamba. Sasa nabonyeza katikati kwa dole gumba, na nyuma ya kitambaa naandika tarehe kwa penseli.

Jambo ambalo sikulitarajia ni bei. Kumbe twiga mdogo alinilia saa nyingi kuliko ndege mkubwa, kwa sababu ya yale madoa, kila doa na mzunguko wake wa rangi nyepesi. Miaka yote nilimuuza nusu bei kwa kuwa ni mdogo. Nikampandisha. Wateja wawili walinuna, wa tatu akalipa.

Ukurasa wa leo umeingia kidole cha kijani juu ya tarehe. Chini yake: "Kanga wawili. Macho bado. Nisiviringishe kabla ya Jumamosi, hata mteja akipiga simu."

Ameshapiga mara mbili.