Nguvu ya bunduki ya upepo ilikuwa imepotelea kwenye ngozi

Diana 27 ya baba mkubwa ilinifikia ikiwa imelala miaka mingi juu ya dari, hapa Mafinga. Ni bunduki ya upepo ya Kijerumani, ya milimita 5.5, ile ya kuvunja mtutu ili kuikoki. Nilipopata kibali kwa jina langu nikaijaribu kwa ajili ya panya wa ghala la mahindi. Risasi iligonga debe mita kumi tu mbele yangu, ikadunda.

Kila niliyemuuliza alisema springi, ile inayosukuma pistoni ili ibane hewa nyuma ya risasi, imechoka. Fundi mmoja akadondoshea mafuta mepesi kwenye tundu la hewa, akafyatua. Ikalia kama gobole, moshi ukafuka mtutuni, tukashangilia. Kumbe tunaiua. Pistoni ikibana hewa kwa ghafla joto hupanda mno, na mafuta yale yaliwaka kama ndani ya injini ya dizeli. Baada ya risasi chache ikawa dhaifu kuliko mwanzo.

Hapo nikaamua kupima kwanza. Nilijaza udongo wa mfinyanzi kwenye kopo la maziwa hadi likafika nusu kilo, nikalining'iniza kwenye boriti kwa kamba za mita mbili, ukuta wa tofali ukiwa nyuma. Kiberiti kitupu kilikaa juu ya rula, kikigusa kopo kwa nyuma. Risasi inazama kwenye udongo, kopo linasukuma kiberiti, nami nasoma. Kilisogea sentimita 8. Kwa risasi ya gramu 0.93, hiyo ni kama mita 95 kwa sekunde, yaani nishati ya jouli 4 na kidogo.

Kuifungua kunataka subira. Springi imebanwa ndani hata bunduki isipokokiwa. Ukichomoa pini bila kuizuia, inakurukia. Niliibana kwa klampu ya seremala, nikalegeza polepole juu ya beseni, maana triga ya 27 ina gololi tatu ndogo ambazo zikidondoka sakafuni utazitafuta hadi usiku. Nikaiviringisha springi juu ya kioo: ikaenda sawa, wala haikuyumba. Ngozi ya pistoni, ile yenye umbo la kikombe inayozuia hewa isivuje, ndiyo iliyokuwa imekufa. Ukingo wake ulikuwa mweusi, na nilipoukunja ukakatika kama ganda la karanga.

Nikampelekea mzee mmoja fundi viatu sokoni. Baada ya shikamoo akaigeuzageuza, akasema, "Mwanangu, hii si ni washa ya pampu?" Akakata ngozi nene ya ng'ombe, akailoweka maji ya uvuguvugu, akaisukumia ndani ya kipande cha bomba chenye upana wa silinda. Siku mbili ikakaukia humo, na umbo likashika.

Mafuta ya kuilainisha nilitengeneza mwenyewe. Nilinunua miguu ya ng'ombe buchani, nikachemsha kongoro, nikaengua mafuta yaliyoelea, nikayachuja na kuyapasha tena hadi maji yote yakaisha. Mafuta ya kwato hayagandi upesi kwa baridi, na ngozi inayanywa taratibu. Niliiloweka usiku kucha, nikaifuta vizuri kabla ya kuirudisha. Springi nikaipaka grisi nyeusi ya molibdeni.

Kiberiti kikasogea sentimita 11: mita 131 kwa sekunde, jouli 8. Karibu mara mbili ya mwanzo, bila kubadilisha springi! Sikutafuta zaidi ya hapo. Mafinga iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hewa ina mgandamizo kama asilimia 80 ya ule wa pwani, kwa hiyo pistoni ina hewa kidogo ya kubana. Ndiyo maana pia ukifyatua bila risasi huku kwetu, pistoni inagonga mwisho wa silinda kwa ukali zaidi. Sithubutu, wala simwachii mtoto aichezee hivyo.

Julai ilipoingia, alfajiri nilisoma sentimita 9 na nusu, mchana 11. Grisi niliyoijaza ilikuwa inakuwa nzito kwa baridi. Nikafungua tena, nikaifuta, nikaacha utando mwembamba tu. Asubuhi iliyofuata, vidole vikiwa na ganzi, rula ikanionyesha 10 na nusu.