Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa unasihi, Kigoma

Saa 12:00 asubuhi. Kigoma tuko magharibi mwisho wa nchi, kwa hiyo jua huchelewa kuchomoza kuliko Dar es Salaam. Wanafunzi wanaoishi mbali wako barabarani gizani, wakikimbilia kuwahi namba. Mimi nakunywa chai huku napitia fomu za kidato cha pili. Wiki hii wanachagua masomo ya kuendelea nayo kidato cha tatu, na kwa maoni yangu hakuna wiki nzito kuliko hii. Wengi husubiri kuwashauri watoto wakiwa kidato cha nne, wakati wa kujaza tahasusi, yaani michanganyiko ya masomo ya kidato cha tano. Milango mingi inakuwa imeshafungwa.

Saa 1:30. Mstarini, kisha vipindi vya baiolojia hadi saa 4.

Saa 4:30. Ofisi yangu ya unasihi ni kona ya stoo ya vitabu. Anaingia binti mmoja.

"Shikamoo madam."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

Amefuta fizikia kwenye fomu. Nauliza anataka kuwa nani. Daktari wa zahanati, anasema. Sasa fizikia kaiachia nini? Kaka yake kamwambia daktari hashughuliki na nyaya za umeme.

Stashahada ya utabibu, ile ya kumfikisha huko, inataka ufaulu wa baiolojia, kemia na fizikia, zote tatu. Nikamwonyesha sifa za kujiunga. Halafu nikatoa kile kipimo cha presha cha kuvalisha mkono, tulichonacho kwa ajili ya huduma ya kwanza. Nikamfunga mkanda, nikamwambia auminye mpira mwenyewe. Mshale ukapanda. Alipolegeza, hewa ikatoka na mshale ukashuka kidogo kidogo. "Hiki kinachopima hapa umekisoma kwenye somo gani?" Akautazama mkanda kwa muda. "Fizikia, madam."

Sikumjazia fomu. Nimemwambia aende nayo nyumbani, nami nitazungumza na baba yake.

Watoto wetu hawakosi ndoto, wanakosa kuiona kazi yenyewe. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi mpya 49, zikafika 65, lakini ukiwauliza darasani bado watakutajia zile za zamani tu: PCB, HGL na EGM. Na hapa hapa mjini wana chuo cha uvuvi cha FETA na chuo cha ufundi stadi cha VETA. Wengi hudhani VETA ni ya waliofeli, fikra inayoniuma sana.

Saa 9:00 alasiri. Nimewapeleka vijana wa kidato cha tatu Kibirizi, kwa wanaounda boti. Kabla ya kuondoka huwa nawapa swali moja la kuuliza kila tunakokwenda: mtu akiifanya kazi hii vibaya, huwa ni kwa sababu gani?

Fundi mkuu, mzee wa makamo, alituonyesha kijana anayetia kalafati. Anasokota uzi wa pamba, anaulaza kwenye mwanya kati ya mbao mbili, anaushindilia kwa patasi na nyundo nyepesi. Pigo moja, anasogea nusu inchi, pigo jingine. Ukiushindilia sana mbao zinaachana, ukiulegeza maji yanaingia.

Mwanafunzi akauliza swali letu. Mzee akajibu kwamba kijana huyo alikuja baada ya kufukuzwa mahali pengine kwa jina la uvivu. "Huko hawakumfundisha, wala hawakumpa zana. Nikimpa patasi butu na leo mtamwita mvivu." Akaongeza kwamba humkagua kila jioni, hamsubiri aharibu boti nzima.

Nilifurahi kuona kalamu zikiandika. Bidii ya mtu ni muhimu, lakini hata aliyechagua kazi inayomfaa atashindwa kama haelewi anachotakiwa kufanya, hana vifaa na msimamizi wake anatokea siku ya lawama tu. Natamani waajiri nao wangekuwa pale kusikiliza.

Saa 12:30 jioni. Nampigia baba wa yule binti, muuza mawese. Tukasalimiana, nikamweleza. Akasema, "Mwalimu, mimi naogopa fizikia itamshushia daraja."

Hofu hiyo naisikia kwa wazazi wengi. Nikamweleza kwamba daraja la kidato cha nne hukokotolewa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Akiwa na saba mazuri bila fizikia, D ya fizikia haimpunguzii kitu, na ndiyo hiyo inayompa sifa ya kuomba utabibu.

Kimya kidogo, kisha: "Basi asiiache. Ila mwalimu wa fizikia mnaye?"

Tunaye mmoja kwa shule nzima, na sikumficha. Mwenzangu wa hisabati amekubali kuwasaidia Jumamosi asubuhi, kuanzia wiki ijayo. Baba kasema atamruhusu, mradi amalize kwanza kuchota maji. Fomu zinarudi Ijumaa.