Barua ya Chifu

Matanga ya mume wa Mama Pacha hayajaisha, shemeji yake mkubwa alikuwa ameshakodisha shamba la miwa kwa mtu wa Muhoroni. Hiyo ilikuwa 2017. Hati ilikuwa kwa jina la marehemu peke yake, ndiyo maana ya haraka ile.

Chama chetu kilikuwa cha kuchangiana pesa tu, sheria ikatuingia baadaye. Wakili mmoja wa kike kutoka Kisumu alikuja kutufundisha, akatuachia fotokopi ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Kifungu cha 45 nilikijua kama Baba Yetu: anayeingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria ana kosa, na anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja.

Lakini kortini utaulizwa kwanza barua ya chifu, inayotaja marehemu aliacha nani. Chifu alikuwa ameshaandika yake: ndugu watatu wa marehemu na mtoto mmoja wa kiume. Mjane hayumo. Pacha hawamo, eti wataolewa.

Basi Jumatatu tukaenda kuketi kwenye benchi nje ya ofisi yake. Hatukuwa na mabango, tulikuwa na uji kwenye thamosi. Dani, mkubwa wetu, akatoa sindano ya krosheti akaanza kufuma kitambaa cha kochi. Kila aliyefuata kitambulisho alituuliza tunangoja nini, na Dani akamweleza kwa kirefu, jina la shemeji likiwemo. Kufikia saa sita soko zima lilikuwa na habari.

Chifu akatuita ndani. Hakuwa mtu mbaya, nasema hivyo hata leo. Wale ndugu walikuwa wa ukoo wake, na jioni alikula nao.

"Mama, haya ni mambo ya nyumbani," akamwambia Dani.

"Nyumbani ndiko alikofukuzwa, jaduong'," Dani akajibu, bado anafuma. "Wewe andika waliozaliwa. Kugawa shamba ni kwa hakimu."

Nikamsomea kwamba sheria ikisema mtoto haisemi wa kiume. Akashusha pumzi, akavuta karatasi nyingine. Mjane kwanza, kisha Apiyo, Adongo na kaka yao. Muhuri ulikuwa umekauka wino. Akaupulizia, akaugonga, haukutoka, akaugonga tena hadi meza ikalia. Mama Pacha aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole, wino usije ukachafuka.

Faili ikafunguliwa, tangazo likatoka kwenye Gazeti Rasmi. Shemeji akaweka pingamizi siku 30 za kupinga zikielekea kuisha, na nauli za kwenda kortini tukazitoa kwenye mzunguko wa chama. Aliyetushangaza ni yule aliyekodi shamba. Kumbe habari za kifungu cha 45 zilikuwa zimefika Muhoroni. Alikuja mwenyewe kwa pikipiki, kofia mkononi, kumuuliza Mama Pacha sasa amlipe nani.

Akaambiwa amsubiri hakimu, na miwa asiiguse.