Damu Katika Makohozi: Siku Moja Wodini Mbeya

Saa 12:40 asubuhi. Mwezi wa Julai, Mbeya huamka na baridi inayouma masikio, na kutoka Uyole hadi hospitalini ninakofanya kazi kama daktari wa magonjwa ya ndani vioo vya daladala vilikuwa vimejaa ukungu. Baridi hii huijaza wodi yetu watu wenye vikohozi, na miongoni mwao mara nyingi hakosi anayekohoa damu.

Saa 1:30. Katika makabidhiano ya zamu, muuguzi wa usiku alieleza kwamba kitanda cha 9 kina mama wa miaka 23, mchumaji wa chai kutoka Rungwe, mwenye mimba ya miezi 7, aliyeletwa alfajiri akihema na kutema makohozi yenye povu la rangi ya waridi. Alikuwa amekwisha kumaliza dozi ya miezi 6 ya kifua kikuu mwaka jana, ingawa vimelea havikuwahi kuonekana katika makohozi yake. Siwalaumu sana waliomwanzishia dawa zile, kwa kuwa katika nchi yenye kifua kikuu kingi kama yetu, damu ikitoka kifuani fikra hukimbilia huko kwanza, na ndivyo inavyopaswa. Kosa ni kuishia huko.

Saa 2:15. Nilimkuta ameketi wima, mikono imeshika ukingo wa kitanda.

"Shikamoo, dokta."

"Marahaba, mwanangu. Ukilala chali inakuwaje?"

"Nakabwa. Nyumbani nalala nimekaa."

Tulipokwisha kumwongezea oksijeni na kumchoma furosemaidi ya kupunguza maji mapafuni, nilimwomba aegemee ubavu wa kushoto kwa muda mfupi, nikaweka stetoskopu chini ya titi. Kati ya pigo na pigo palikuwa na mngurumo mzito, wa chini, kama lori linalopanda Mlima Nyoka ukiwa umelala mbali usiku. Sauti hiyo haisikiki kwa daktari mwenye haraka.

Saa 4:00. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kilithibitisha: vali ya mitra, mlango ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, ambayo kwa mtu mzima mwenye afya hufunguka kwa sentimita za mraba 4 hadi 6, kwake ilifunguka kwa 0.9 tu. Chanzo chake huwa ni maambukizi ya koo ya utotoni yanayofuatwa na homa ya rumatiki, ambayo huacha vali ikikakamaa na kushikana pole pole kwa miaka mingi. Mlango ukiwa mwembamba, damu inayotoka mapafuni hukosa njia ya kupita, shinikizo hurudi nyuma hadi kwenye mishipa midogo ya mapafu, maji huvuja, na vimishipa vyembamba hupasuka. Mimba nayo huongeza damu mwilini kwa karibu nusu na kuuharakisha moyo, hivyo vali iliyovumiliwa kwenye mashamba ya chai ikashindwa sasa.

Saa 8:00 mchana. Kliniki. Mzee mmoja anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa sababu ya mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio naye alikohoa damu kidogo, lakini kwake damu ilikuwa imekuwa nyepesi kupita kiasi. Kwake pia chanzo kilianzia moyoni, ila kwa njia nyingine. Nilisimamisha dawa, nikamlaza.

Saa 10:00 jioni. Nilizungumza kwa simu na wenzangu wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, kuhusu kuipanua vali ya mgonjwa wa kitanda cha 9 kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja. Safari inazidi kilomita 800, kwa hiyo kwanza apumue vizuri, na moyo upunguzwe kasi.

Saa 12:15 jioni. Nilimweleza mama yake mzazi kwamba binti atahitaji sindano ya penisilini kila baada ya wiki 4 kwa miaka mingi, ili homa ile isirudi kuiharibu vali zaidi. Alinyamaza, akafunga upya khanga yake.

"Dokta, mdogo wake ana miaka 8. Koo linamuuma tangu Jumapili. Nimempa maji ya chumvi tu."

"Mlete kesho asubuhi, mama. Asipange foleni, aje moja kwa moja kwangu."

Nilimwandikia karatasi ya getini, kisha nikarudi kitanda cha 9, ambako mgonjwa alikuwa ameegemea mito miwili badala ya mitatu.