Wahariri wapya wa jarida la kisukari, na mswada wako wa Ramadhani

Mhariri mkuu wa jarida la kisukari akiondoka na mwengine akaingia, muuguzi wa Chake Chake au daktari wa Mnazi Mmoja ana haki ya kuuliza: na mwongozo wa tiba nao unabadilika? Haubadiliki kwa sababu hiyo. Chukua Diabetes Care, jarida la Chama cha Kisukari cha Marekani lililoanza 1978. Mwongozo unaotoka humo kila Januari kama toleo la nyongeza hauandikwi na wahariri. Unaandikwa na kamati ya wataalamu ya chama chenyewe. Kwa hivyo sukari ya kufunga inabaki kuwa kisukari ikifika 7.0 mmol/L, ile ya saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi ikifika 11.1, na HbA1c, kipimo cha damu cha wastani wa sukari, ikifika asilimia 6.5. Asiyekuwa na dalili za wazi bado anahitaji kipimo cha pili cha kuthibitisha. Mhariri mpya hana mkono katika namba hizo.

Mkono wake uko katika kuamua utafiti gani upate ukurasa. Mswada ukifika, husomwa kwanza na wahariri wenyewe, na mingi hurudishwa hapohapo bila ya kufika kwa wapitiaji, yaani wataalamu wa nje wanaoupima mswada. Inayobaki hukabidhiwa mhariri msaidizi, naye hutafuta wapitiaji wawili au watatu, husoma maoni yao, kisha hupendekeza. Ndiyo maana jina la juu kabisa si la kulikodolea macho sana. Shuka chini kwenye orodha ya wasaidizi na ya bodi. Kuna mtu wa miguu ya wagonjwa wa kisukari? Kuna mtu wa mimba? Kuna aliyewahi kuandika juu ya Afrika au juu ya saumu? Huyo ndiye atakayeuelewa mswada wako bila ya kufasiriwa daku ni nini.

Tena usitarajie kuona tofauti mwezi ujao. Miswada iliyokwisha kukubaliwa na timu ya zamani huendelea kuchapwa, na iliyo mikononi mwa wapitiaji aghlabu humaliziwa kwa utaratibu ulioianza. Ladha ya wapya huonekana baadaye.

Mfano ulio karibu nasi ni wa saumu. Mwaka 2004 Diabetes Care lilichapisha utafiti wa EPIDIAR, uliokusanya wagonjwa zaidi ya 12,000 katika nchi 13 zenye Waislamu wengi. Ulionesha kwamba wakati wa Ramadhani kushuka sukari vibaya kuliongezeka takriban mara 4.7 kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza na mara 7.5 kwa wa aina ya pili. Mwaka uliofuata jarida hilohilo likatoa mapendekezo ya kuwahudumia wafungaji, na likayahuisha 2010. Wahariri wangeliona swali hilo ni la kienyeji mno, lingebaki kwenye madaftari ya kiliniki. Lakini tazama orodha ya zile nchi 13: Algeria, Misri, Pakistan, Indonesia, Uturuki na nyenginezo. Afrika iliyo kusini ya Sahara hamna hata moja. Futari ya muhogo wa nazi, tambi za sukari na kaimati haijapimwa humo.

Basi kwa anayetaka kuandika kutoka Unguja au Pemba, nafasi ipo, lakini kazi huharibika mapema sana, kabla hata ya kuandika. Kosa la kwanza ni kuanza kupima siku ya mwezi mosi Ramadhani. Bila ya takwimu za Shaaban huna cha kulinganisha nacho, na mpitiaji atalisema hilo katika mstari wake wa kwanza. Pima wiki mbili kabla, mwezi wote, kisha mwezi mmoja baadaye. Kwa siku za kupima, chukua nyakati nne: kabla ya daku, adhuhuri, kabla ya kufuturu, na saa mbili baada ya futari. Kipimo cha kabla ya kufuturu ndicho kinachowanasa wanaotumia vidonge vya glibenklamidi, maana dawa hiyo huendelea kuisukuma kongosho itoe insulini hata tumbo likiwa tupu.

Fafanua kushuka sukari kwa viwango vinavyokubalika: chini ya 3.9 ni ngazi ya kwanza, chini ya 3.0 ni ya pili, na ngazi ya tatu ni pale mgonjwa anapohitaji msaada wa mtu mwengine, namba yoyote iwe iwayo. Kisha hesabu matukio kwa kila wagonjwa 100 kwa mwezi, kama EPIDIAR walivyofanya. Ukiandika tu "wagonjwa kumi na moja walishuka" hakuna atakayeweza kukulinganisha na yeyote. Na usalama kwanza: mshiriki akisoma chini ya 3.9 au juu ya 16.6 anafungua, na lazima hilo liandikwe katika mpango wa utafiti, si kuachiwa ujasiri wake.

HbA1c inahitaji maneno zaidi. Watu huiita sukari ya miezi mitatu, na ndipo linapoanza tatizo: ukiipima siku ya pili ya Idi, unapima Ramadhani pamoja na Shaaban na Rajab. Takriban nusu ya thamani yake hutokana na siku 30 za mwisho, iliyobaki ni ya nyuma. Fruktosamini, kipimo chengine cha damu, huonesha sukari ya wiki mbili hadi tatu tu, na kwa swali la mwezi mmoja inafaa zaidi, maabara ikiwa nayo. Halafu kuna selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Mwenye ugonjwa wenyewe, chembe zake nyekundu hazidumu zile siku 120 za kawaida, kwa hivyo HbA1c hutoka chini kuliko ukweli. Aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja tu, kosa hutegemea njia ya mashine. Andika jina la mashine na njia yake. Mhariri aliyezoea wagonjwa wa Ulaya huenda asiulize, lakini mpitiaji mjuzi atauliza.

Upungufu wa damu nao huidanganya mashine ndogo ya kidole: damu ikiwa nyepesi, sukari husomeka juu kuliko ilivyo. Na stripu zikiachwa chupa wazi katika unyevunyevu wetu wa masika huharibika hata kabla ya tarehe yake. Funga kifuniko kila unapotoa moja, pima maji ya majaribio kila unapofungua chupa mpya, na uyaandike majibu yake.

Vipimo vya namba vinachanganya zaidi ya inavyostahiki. Sisi tunasoma mmol/L, Wamarekani mg/dL. Zidisha kwa 18, hivyo 9.4 ni 169. Kreatinini, kipimo cha figo, ni njia nyengine: mg/dL mara 88.4 ndiyo µmol/L. Mtu akizidisha kreatinini kwa 18 anapata figo ambazo hazipo duniani.

Kibali cha maadili kinapatikana kabla ya tone la kwanza la damu, kupitia Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, ZAHRI. Kibali cha baadaye hakifidii kitu, na namba yake huombwa siku ya kuwasilisha.

Sasa barua ya kuwasilisha, na hapa ndipo mabadiliko ya wahariri huwaumbua watu. Usitumie barua ya mwaka jana yenye jina la mhariri aliyeondoka. Ni kosa dogo, lakini linamwambia msomaji kwamba hata maelekezo mapya kwa waandishi hukuyafungua. Yafungue: idadi ya maneno, majedwali na marejeo hubadilishwa mara nyingi timu ikibadilika. Aya ya kwanza iseme swali, ya pili iseme kwa nini wasomaji wa nchi nyengine wanahitaji jibu hilo. "Hakuna utafiti Zanzibar" peke yake si sababu inayotosha.

Matapeli nao huupenda msimu huu. Barua pepe hufika kwa jina linalofanana na la jarida maarufu, ikisema bodi mpya inakaribisha miswada na uchapishaji ni siku saba, lipia kwanza. Linganisha ISSN, namba ya kulitambulisha jarida: ya Diabetes Care la karatasi ni 0149-5992. Kisha ingia kwenye tovuti ya jarida kwa kuiandika anwani mwenyewe, usibonyeze kiungo kilichomo kwenye barua, na utafute kama jina la huyo "mhariri" aliyekuandikia limo kwenye orodha.