Nilivyofuatilia samaki wanaohama kwa kutumia lahajedwali

Kwamba bahari ikipata joto samaki husogea kwenye maji ya baridi, nilikuwa nimelisoma sana. Nilitaka nilione mwenyewe kwenye takwimu. Nikachagua Bahari ya Kaskazini, maana meli za utafiti zimevua humo kwa utaratibu mmoja miongo mingi, na matokeo yamewekwa wazi bila malipo kwenye DATRAS, hazina ya takwimu ya ICES, baraza la kimataifa la utafiti wa bahari.

Takwimu za wavuvi wa biashara niliziacha. Mvuvi hufuata bei, gharama ya mafuta na mgao aliopewa, kwa hiyo akibadili eneo si lazima samaki wawe wamehama. Meli ya utafiti huburuta wavu wake kwa takriban nusu saa, samaki wawepo wasiwepo.

Kazi ngumu ilikuwa hao wasiokuwepo. Faili la samaki huorodhesha waliopatikana tu. Wavu ukitoka mtupu, hakuna mstari wowote. Ilibidi nichukue orodha ya mitupo yote, yaani kila mara wavu uliposhushwa, niioanishe na ya samaki, kisha nijaze sifuri penye pengo. Bila hizo sifuri, mraba wa bahari uliopata samaki mara moja tu unaonekana tajiri sawa na ule unaowapata kila mara.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: natafuta kitovu cha samaki, yaani wastani wa latitudo walipo, penye samaki wengi pakipewa uzito zaidi. Tuseme mraba ulio latitudo ya nyuzi 54 kaskazini una wastani wa samaki 10, na wa nyuzi 57 una 30: kitovu chao kinaangukia nyuzi 56.25. Unarudia mwaka hadi mwaka, kwa msimu uleule, unatazama kitovu kinaelekea wapi.

Kina cha maji nacho nilikihesabu, na ningemshauri yeyote asikiruke. Bahari hiyo ni ya kina kifupi kusini na huzidi kuwa na kina kuelekea kaskazini, hivyo safari ya kwenda kaskazini na ya kwenda kwenye kina huchanganyika. Mtafiti Perry na wenzake, kwenye jarida la Science mwaka 2005, walipima yote mawili: karibu theluthi mbili ya spishi walizochunguza zilikuwa zimebadili latitudo, kina, au vyote, ndani ya miaka 25.

Aliyenifurahisha zaidi ni anchovi, samaki mdogo wa jamii ya dagaa, ambaye tangu katikati ya miaka ya 1990 ameongezeka sana huko. Nilidhani ametoka kusini, Ghuba ya Biscay, kati ya Ufaransa na Hispania. Watafiti waliomchunguza wanaeleza vingine: wachache walikuwepo tangu zamani, na hali ya joto ilipowafaa watoto wao, wakazaana na kutapakaa. Ramani yangu isingeweza kuonyesha hilo, kwa kuwa kitovu husogea vilevile, samaki waogelee au wazaliwe wengi upande mmoja. Ndiyo maana siku hizi, kando ya kitovu, naweka safu ya urefu wa samaki, nione wadogo wanaanza kujitokeza wapi.