Nilivyoimaliza ile ESRCH ya thredi zinazokufa mikononi mwa dibaga

Dibaga yangu ya Linux (programu ya kusimamisha programu nyingine na kuikagua), niliyoiandika mwenyewe juu ya ptrace, yaani wito wa kerneli wa kushika na kuendesha prosesi nyingine, sasa hivi hata programu yenye thredi kibao (njia za utekelezaji zinazokwenda sambamba ndani ya prosesi moja) ikifa ghafla haiyumbi, na najivunia sana hilo, maana ushauri niliopewa mwanzoni ulikuwa wa hovyo na naona watu bado wanapeana.

Tatizo liko hivi, thredi zote zimesimama kwenye breikpointi, yaani mahali ulipoagiza programu isimame, unabonyeza kuendelea, dibaga inazipitia moja moja na PTRACE_CONT, amri ya ptrace ya kuiachia thredi iendelee, ghafla mojawapo inarudisha ESRCH, yaani hakuna prosesi kama hiyo, na dibaga inaanguka. Na haitokei kila mara, ndiyo inayoudhi. Mmoja akaniambia weka usleep, yaani subiri kidogo, halafu jaribu tena. Thredi iliyokufa haifufuki kwa kusubiriwa jamani! Mwingine akasema pima kwanza kwa kill yenye signali 0, ambayo haiui bali inaangalia tu kama prosesi ipo, ikikubali ujue iko hai. Nikaiweka kila mahali na bado ikawa inaanguka vilevile, kwa sababu hata zombi, yaani iliyokwisha kufa ila taarifa ya kifo chake haijachukuliwa, inakubali signali 0, na hata kama iko hai wakati unapima inaweza kufa kabla hujafika mstari unaofuata. Achana na kupima, ita ptrace yako halafu shughulika na kosa likija.

Kilichonifungulia njia ni kuweza kulileta kosa nikitaka. Simamisha programu kwenye breikpointi, fungua terminali ya pili, ipige kill -9, rudi kwenye dibaga, bonyeza kuendelea. Hiyo hapo, kila mara! SIGKILL, signali inayotumwa na kill -9, haisubiri ruhusa ya dibaga, inazitoa thredi kwenye kusimama kwake na kuziua. Thredi moja ikiita exit_group, wito wa kufunga prosesi nzima, wenzake nao wanauawa hivyohivyo, kwa hiyo ukitibu hii umetibu na ile.

Sasa dawa. ESRCH ikija kwa thredi ambayo najua niliisimamisha na sijaiachia, nasoma State, herufi ya hali yake, kwenye /proc/PID/task/TID/status (PID ni namba ya prosesi, TID ya thredi). Ikiwa bado ni t ndogo basi imesimama palepale na kosa ni la kweli, angalia kama hujaita ptrace kutoka thredi ya dibaga ambayo siyo ile iliyoishika, kerneli inaangalia thredi siyo prosesi nzima. Hilo usilifiche, lipigie kelele. Ikiwa herufi nyingine, au faili halipo kabisa, imekwenda, pita kwa inayofuata.

Ila usiifute kwenye orodha hapohapo!! waitpid, wito wa kusubiri taarifa za prosesi na thredi unazozishika, kwa kawaida bado itakuletea taarifa ya kifo chake, na ndipo utajua imeuawa na signali gani, basi ifute hapo. Kusoma rejista na memori nako ni hivyohivyo, na kwa PTRACE_PEEKDATA, ya kusoma memori, weka errno (namba ya kosa la mwisho) iwe 0 kabla ya kuita, maana -1 inaweza kuwa data halali kabisa.

Na thredi kuu ikiita pthread_exit, yaani ikijifunga yenyewe tu, inabaki zombi, waitpid haitasema chochote juu yake mpaka thredi zote nyingine ziishe, kwa hiyo usiisubiri peke yake, dibaga itaganda. Mimi nasubiri zote kwa kuipa waitpid -1, yaani yoyote ile, pamoja na __WALL, alama ya kusubiri thredi za aina zote.